Wanaofagia keneli ya Linux na kompyuta zetu za mtumba

Leo siasa za nyumbani naziweka pembeni, maana kuna siasa nyingine inayotuhusu na hakuna anayeiongelea.

Tangu Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali ninaloulizwa sana hapa kafe ni moja tu: tuhamie Linux au tukomae hivi hivi? Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Sasa we angalia mashine uliyokalia muda huu. Nyingi zimekuja kwenye kontena, zilishachoka ofisini kwa watu huko Ulaya, na kizazi cha 8 hazijawahi hata kukisikia. Kwa hiyo wengi wetu tutahamia, tupende tusipende. Na mi naona ukitaka kuhamia nyumba ya mtu, uliza kwanza nani anaifagia.

Kwa wasiojua: keneli ndo roho ya Linux, ile sehemu inayoongea na vyuma moja kwa moja. Draiva ni kipande cha programu ndani ya keneli kinachojua lugha ya chuma fulani. Draiva ya sauti ikiharibika, unakosa muziki, basi. Ya diski ikiharibika... picha za harusi, CV, hesabu za duka, vyote kwaheri, na mara nyingine hujui mpaka wiki mbili zimepita na ulishakopi uozo wako mpaka kwenye flashi. Ndo maana kufagia draiva za diski si kazi ya kumpa kila mtu.

Hebu nianze na kisa cha zamani kidogo maana kina mafunzo ya leo. Mnazikumbuka diski za IDE, zile za waya mpana bapa kama mkanda? Kwenye Linux ziliitwa hda, hdb na kuendelea. Draiva zake ziliandikwa miaka ya 1990 na watu kadhaa, mmoja akiacha mwingine anapokea, na kila mmoja akaongeza chumba chake bila ramani. Kufika 2002 ilikuwa kama nyumba ya uswahilini, mlango wa jikoni unatokea chumbani kwa jirani. Inafanya kazi lakini hakuna anayetaka kugusa ukuta.

Akatokea jamaa anaitwa Martin Dalecki, akasema mi nafagia. Wakati huo kulikuwa na mfululizo wa majaribio, keneli 2.5, uliokuwa unaandaliwa uje kuwa 2.6. Jamaa akashusha viraka kimoja baada ya kingine, vikapita 100! Linus Torvalds mwenyewe alikuwa anavipokea. Kasheshe ikaanza pale watu wengine waliokuwa wanajaribu 2.5 kwa shughuli zao, wala hawana habari na diski, walipoona mashine zinaganda na wakaogopa kupoteza data. Agosti 2002 jamaa akaachia ngazi. Linus akafanya nini? Akatupa kazi yote ile ya miezi na kurudisha draiva za IDE za 2.4, zilezile chafu. Alan Cox ndo akaanza tena kuzisafisha, taratibu, kutokea pale.

Watu hupenda kumcheka Dalecki. Mi simcheki, manake alichokiona kilikuwa kweli, nyumba ilikuwa chafu. Shida ni kwamba kwenye draiva za diski uchafu mwingine si uchafu. Miaka ya 1990 kulikuwa na chipu mbili za IDE, CMD640 na RZ1000, zenye kasoro za kiwandani zinazoweza kuharibu data kimyakimya. Linux ikawekewa mistari ya kuzikwepa. We ukija leo na ufagio wako, ukaona mstari wa ajabu ajabu usio na maana, utaufuta. Kumbe ule ndo uliokuwa unashikilia dari. Na chipu yenyewe huna mezani kwako, kwa hiyo hutaona dari likianguka. Ataliona mtu mwingine, mbali, mwenye mashine ya zamani. Yaani mimi na wewe.

Njia iliyoshinda ilikuwa tofauti kabisa. Mwaka 2003, diski za SATA zilipoanza kuingia sokoni, Jeff Garzik akaanza kuandika maktaba mpya iitwayo libata. Hakubomoa kitu. Alijenga pembeni, akaegemea mfumo wa SCSI uliokuwepo tayari ndani ya keneli, na ya zamani akaiacha iendelee na maisha yake. Alan Cox baadaye akaandika draiva za diski zile za waya bapa ndani ya libata hiyohiyo, zikaingia kwenye 2.6.19 mwaka 2006. Fedora 7 ilipotoka 2007 ikahamia huko moja kwa moja, na hda ya kila mtu ikageuka sda. Kelele zilikuwepo, maana mafaili ya mipangilio yaliyoandikwa hda yaligoma na mashine zisiwake, ndo watu wakajifunza kutambua diski kwa lebo au namba yake badala ya jina. Lakini data haikupotea. Kukasirika na kupoteza ni vitu viwili tofauti.

Kuanzia 2009 ile IDE ya zamani ikawa ya kurekebishwa makosa tu, hakuna cha kuongeza. Na ikafutwa lini? 2021, keneli 5.14, kwa viraka vya Christoph Hellwig, tena baada ya kutoa onyo mapema. Zaidi ya mistari 40,000 ikaenda na maji kwa mkupuo. Hesabu mwenyewe: nyumba mpya ilianza 2003, ya zamani ikabomolewa 2021. Miaka 18 za pamoja zimesimama! Mtu wa nje ataona uzembe. Mi naona ndo bei halisi ya kufagia bila kuua mtu.

Sasa msije mkadhani wameshajua yote. Nina visa viwili vya juzi juzi, na hapa ndo penye nyama.

Cha kwanza, 2018. Keneli 4.19 ilitoka Oktoba mwaka ule, toleo kamili, si la majaribio. Baadhi ya watu wakaanza kuona mafaili yanaoza. Lawama zote zikaenda kwa ext4, mfumo wa mafaili ambao wengi wetu tunautumia, kwa sababu ujumbe wa makosa ulikuwa unaonekana pale. Wiki zikapita watu wanatafuta. Kumbe ext4 haina kosa hata kidogo! Mchawi alikuwa ngazi ya chini, kwenye foleni mpya ya maombi ya diski iitwayo blk-mq. Foleni hii iliingia 2014 ili diski za kisasa zenye kasi zisisubirishwe kwenye mstari mmoja, na wakati huo ndo walikuwa wanamalizia kuhamisha draiva zote ili foleni ya zamani ifutwe. Kosa lilikuwa hivi: ombi linatumwa moja kwa moja kwa diski, diski inajibu niko bize, ombi linarudi foleni, na wakati linasubiri linaweza kuunganishwa na jingine ingawa lilishaandaliwa kwa ajili ya kutumwa. Likitumwa tena linakuwa halilingani na lilivyoandaliwa. Jens Axboe akaziba Desemba 2018, ikaingia 4.19.8. Miezi mitatu tu baadaye, Machi 2019, keneli 5.0 ikatoka bila foleni ya zamani kabisa. Hapo roho zao ngumu, lazima niseme.

Cha pili ndo kinanitisha zaidi. Mwisho wa Februari 2021, toleo la majaribio la kwanza la 5.12. Mtu kasafisha sehemu ya kuandika swapu, yaani pale keneli inapohamishia vitu kwenye diski kumbukumbu ikijaa. Usafi mdogo, umependeza, kila aliyeusoma aliona poa tu. Lakini wenye swapu ndani ya faili, si kwenye kizigeu chake, keneli ilisahau faili linaanzia wapi. Ikawa inaandika swapu kuanzia mwanzo wa kizigeu, juu ya mafaili ya watu!! Linus akalibadilisha jina toleo lile na kulibandika neno la kukataza watu wasiliguse. Na kwa nini hakuna aliyeona mapema? Kwa sababu wengi wa wanaojaribu wana swapu ya kizigeu. Ubuntu tangu 17.04 huweka swapu ya faili kama hukuchagua vingine, lakini mtumiaji wa Ubuntu wa kawaida hajaribu keneli ya wiki ile.

Unaona mchezo? Kosa linajificha kwa mtu ambaye hayupo kwenye chumba cha majaribio. Watu wanaofagia wengi wameajiriwa na makampuni makubwa, ya seva au ya kutengeneza diski. Libata yenyewe kuanzia 2022 inasimamiwa na Damien Le Moal wa Western Digital. Sio dhambi, mtu lazima ale. Ila mashine wanazojaribia ni za mwajiri, si ile iliyopo chini ya meza yako ikiunguruma kama genereta.

Tena watu wenyewe ni wachache na siasa inawapunguza. Oktoba 2024, kwenye matayarisho ya keneli 6.12, karibu dazeni moja ya majina, mengi ya Warusi, yaliondolewa kwenye orodha ya wasimamizi kwa sababu za sheria za vikwazo. Linus akatetea uamuzi bila kupepesa. Kati ya sehemu zilizoguswa ni libata, zikiwemo draiva za diski za waya bapa. Mi sitetei vita ya mtu, na vikwazo vina sababu zake. Ila nauliza: aliyekuwa anasoma viraka vya diski za kizamani akiondoka, anakuja nani? Huko hakuna foleni ya waombaji. Mwaka 2019 draiva ya flopi ilibaki yatima baada ya msimamizi wake kuachia, ikasubiri hadi mwingine alipojitokeza. Keneli nzima inatumiwa na dunia, halafu chumba kimoja hakina mwenyewe!

Nisiwe mchoyo wa habari njema. Mwaka 2023, keneli 6.3 ilipokea draiva mpya, ndiyo mpya, ya diski zinazochomekwa kwenye tundu la printa la zamani. Kuna mtu alikaa chini akaziandika upya ndani ya libata ili ile ya zamani kabisa ifutwe bila mtu kupoteza kifaa chake. Nani anatumia kifaa hicho? Wachache mno. Kafanya tu. Kwa mtu kama huyo navua kofia.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaouliza kuhusu kuhama: hameni, lakini kwa akili. Kopi data kwanza, si baadaye. Usiweke toleo la majaribio kwenye mashine ya kazi hata kama limesifiwa vipi. Angalia prosesa: kama ni ya biti 32, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena keneli wala kisakinishi cha kwako, itabidi ubaki na 12, ambayo ile ya muda mrefu ina mwisho Juni 2028. Na ukikuta kitu kimeharibika, ripoti. Watu wetu wanapenda kuformati na kunyamaza. Ukinyamaza, mashine yako kwa yule anayefagia haipo duniani.

Mi wiki iliyopita nimeweka Debian 12 kwenye Pentium 4 ya pale mlangoni kafe, yenye diski ya GB 80 ya waya bapa. Nilijiandaa kwa msiba. Imewaka, diski imekuja kama sda, draiva ata_piix ya libata imeitambua bila kuulizwa. Mwenye kafe alishangaa kuliko mimi. Ila ilikuwa pole pole ajabu, nikaingia kwenye kumbukumbu za keneli kuangalia, nikakuta imeandika wazi kwamba imepunguza kasi mpaka UDMA/33 kwa sababu waya uliotumika ni wa nyuzi 40 badala ya 80. Yaani keneli ya juzi bado inakumbuka kukagua waya! Mashine ilikuwa hivyo miaka yote na hakuna aliyejua.

Sasa shida yangu imebaki moja. Nimezunguka maduka matatu natafuta ule waya wa nyuzi 80, wananipa wa nyuzi 40 huku wananiapia ni uleule. Mwenye nao, au anayejua fundi anayeuza vya kutoa kwenye mashine zilizokufa, aandike hapo chini. Na mwenye ubishi kuhusu Dalecki naye aje.