Baiskeli Ipewe Njia Yake, Msituni na Nje ya Msitu

Mtu akikuambia kwamba katika jiji la Nairobi pana mahali ambapo mtoto wa miaka minane anaweza kuendesha baiskeli asubuhi nzima bila mzazi wake kushikwa na hofu ya matatu wala lori, usimbishie. Mahali hapo ni Msitu wa Karura. Sehemu yake kubwa imelala kati ya Limuru Road na Kiambu Road, msitu una zaidi ya hekta 1,000, na ndani yake mna zaidi ya kilomita 50 za njia za udongo na changarawe. Magari huachwa kwenye maegesho. Kuanzia hapo ni nyayo za watu na tairi za baiskeli tu.

Nalileta jambo hili mbele yenu kwa sababu naona tumeanza kulizoea, na tukishazoea neema huwa tunaacha kuilinda. Njia hizo hazikutunzwa bure. Miaka ya tisini msitu huu uligawiwa vipande vipande kwa waliotaka kujenga majumba. Tarehe 8 Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alikwenda pale na wenzake kupanda miti, wakavamiwa na kupigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Hata ardhi ilipookolewa, kwa miaka mingi watu waliogopa kuingia kwa sababu ya majambazi. Ni baada ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 kuruhusu wananchi kushiriki katika usimamizi ndipo chama cha wakazi, Friends of Karura, kilipoungana na Shirika la Huduma za Misitu, uzio wa umeme ukasimamishwa na vijana wa kijiji jirani cha Huruma wakapewa kazi ya ulinzi. Anayepita leo akipiga pedali chini ya mikaratusi anapita juu ya jasho na damu ya watu hao.

Nendeni mkajionee. Karibu na lango utamkuta baba ameinama, mkono mmoja nyuma ya kiti cha baiskeli ya kukodi, binti yake ameukaza usukani hadi vidole vimekuwa vyeupe. Baba anatembea, kisha anakimbia kidogo, kisha anauondoa mkono bila kusema neno. Mtoto anakwenda mita ishirini, thelathini, tairi zikisaga changarawe, ndipo anageuka na kugundua kwamba yuko peke yake. Anayumba, anaanguka kwenye nyasi, anacheka. Huko Kiambu Road angeangukia wapi?

Wako wanaosema njia za msituni zitiwe lami ili ziwe za kisasa. Nawasihi waliache wazo hilo. Changarawe hupunguza mwendo bila askari wala matuta. Huacha maji ya mvua yanywee ardhini, na mizizi ya miti iliyo kando yake hupata pumzi. Lami ikishatandazwa, gari la kwanza litaingia kwa kisingizio cha kupeleka mizigo, la pili litaingia kwa sababu la kwanza liliingia, na mwisho tutaambiwa kuwa hiyo ni njia ya mkato ya kupunguza msongamano. Kinachohitajika ni matunzo: mitaro izibuliwe kabla ya masika, mashimo yajazwe, na udongo uliochukuliwa na maji urudishwe.

Na sisi waendeshaji tuna wajibu wetu. Udongo mwekundu wa Nairobi ukilowa huwa utelezi, hunata kwenye tairi na kujaa chini ya breki mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Anayelazimisha kupita siku hiyo huchimba mfereji, na mvua inayofuata huufanya mfereji ule kuwa korongo. Subiri njia ikauke. Ukiona mama mzee na fimbo yake mbele yako, piga kengele ukiwa mbali, punguza mwendo, msalimie, ndipo upite. Njia zilizowekewa watembea kwa miguu pekee uwaachie wao. Wako vijana wanaoshuka mteremko wa kwenda mtoni kana kwamba wameandikishwa mashindanoni, na ni hao watakaosababisha baiskeli zote zipigwe marufuku.

Nalisema hili kwa uzito, kwa maana njia isiyo na magari haikosi hatari. Agosti 2022 tulimpoteza Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya waendesha baiskeli ya Team Amani, aliyeanguka katika mbio za baiskeli za barabara za changarawe kule Vermont, Marekani. Kijana huyu aliamini, na akafanya kazi usiku na mchana kuthibitisha, kwamba Mwafrika wa Mashariki anaweza kushindana na yeyote duniani juu ya barabara za vumbi alizokulia. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mbio za Migration Gravel Race zilikuwa zimeanzishwa huku kwetu Maasai Mara. Wakimbiaji wetu walilijua jambo hili zamani: huko Kaptagat, anakofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, barabara za udongo kandokando ya msitu ndizo zilizowalea mabingwa. Je, waendesha baiskeli wakipewa nafasi kama hiyo, watashindwaje?

Lakini siandiki kwa ajili ya mabingwa. Liko jambo linaloniuma zaidi. Simama mbele ya lango la Karura Jumamosi asubuhi uhesabu baiskeli zinazofika zimefungwa juu ya magari. Mwenye gari analeta baiskeli yake kwa gari kwa sababu anaogopa kuiendesha barabarani! Dakika hiyohiyo, kando yake, anapita muuza mikate na baiskeli yake ya Black Mamba, kreti imefungwa nyuma kwa mpira, ameusogelea mtaro kiasi kwamba pedali inagusa majani, huku matatu likimpigia honi aondoke kabisa. Huyu ndiye mwendesha baiskeli wa kweli wa jiji letu. Anapanda baiskeli siku sita kwa wiki, naye hana njia.

Haikubaliki usalama uishie langoni. Njia isiyo na magari ikibaki kuwa starehe ya mwisho wa juma kwa anayeweza kulipa kiingilio na kukodi baiskeli, tutakuwa tumeujengea msitu sifa nzuri na kuwaacha watu wetu wafe nje ya uzio wake. Wala tusiambiwe kuwa haiwezekani. UN Avenue, iliyo jirani kabisa na Karura, ilitengewa njia ya baiskeli na ya waendao kwa miguu, na watu wanaitumia. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, na humo iliahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Ahadi hiyo iliandikwa, ikatiwa saini, na haijafutwa.

Basi enyi wazazi, wapelekeni watoto Karura wakajifunze, na wale wa Eldoret, Kakamega na Nyeri waombeni maofisa wa misitu yenu wawafungulie njia za kukagulia mashamba ya miti, maana ziko tayari na magari hupita mara chache. Nanyi waheshimiwa madiwani wa Nairobi, anzeni na Limuru Road na Kiambu Road: mtenge njia ya baiskeli kutoka malango ya Karura hadi katikati ya jiji, yenye ukingo usioweza kupandwa na matatu. Bajeti ijayo itakaposomwa, tutakitafuta kifungu hicho cha asilimia 20 kabla ya kusoma kingine chochote.