Silambloki za motokari ya mbio ya zamani: ngumu si maana yake nzuri

Altezza ikipita katika mji, vijana wanageuza kichwa. Ni haki yao. Toyota ilianza kuuzisha motokari hiyo kule Japani mwaka 1998, ikaisimamisha mwaka 2005, na mara tu ilipotoka ilipata zawadi ya motokari ya mwaka ya Japani. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanasukuma, volani inajibu haraka, na ile ya RS200 inapatikana na gia 6 za mkono. Leo bei yake imeshuka, na zile zinazofika kwetu kupitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa zina miaka 20 na zaidi.

Lakini kisha miezi michache barabarani, malalamiko ni yale yale. Mbele inagonga. Ukikanyaga freni, volani inavuta upande mmoja. Pine za mbele zinalika upande wa ndani. Fundi analala chini ya motokari, anatoka na neno moja: silambloki. Hapo ndipo ubishi unaanza, maana kijana ameona kwenye simu zile nyekundu na za manjano za poliuretani, muuzaji anamwonyesha za mpira mweusi katika karatoni, jirani anamshauri anunue mkono mzima wa okazyo, na fundi mwenyewe anasema atakata moja katika pine ya zamani.

Mimi nasema wazi: kwa motokari ya namna hiyo inayotembea kila siku katika barabara zetu, chagua mpira mpya, wa aina ile ile kiwanda kilichoweka. Najua wengi hawatakubali, basi nieleze sababu.

Silambloki ni kitu kidogo: bomba la chuma nje, bomba la chuma ndani, na katikati mpira uliogandishwa na chuma kwa moto. Mpira huo hautelezi. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira unajinyonga kidogo kisha unarudi mahali pake. Kazi yake ni mbili kwa wakati mmoja: kushikilia mkono wa gurudumu mahali unapopaswa kuwa, na kumeza mtikiso kabla haujafika kwenye bodi na mgongo wa shoferi. Altezza ina mikono miwili, wa juu na wa chini, kwa kila gurudumu, mbele na nyuma. Ukihesabu zote, ina silambloki zaidi ya 20. Wainjinia walizipima zifanye kazi pamoja.

Poliuretani ni kitu kingine. Ni ngumu zaidi. Mpira wa kawaida unapimwa karibu 50 mpaka 70 katika kipimo cha Shore A, na poliuretani ya motokari mara nyingi ni 80 mpaka 95. Haiogopi mafuta ya motere, na haipasuki haraka kama mpira. Katika uwanja wa mashindano wenye lami safi inasaidia kweli: gurudumu halichezi, volani inakuwa kali. Simkatazi mtu anayetayarisha motokari kwa mbio kama Pearl of Africa Rally ya Uganda. Yeye ana mafundi wanaoingia chini ya motokari kila siku ya mashindano.

Sisi wengine tuna barabara gani? Goma ni mawe ya volkano. Bukavu ni milima, matope na mashimo. Hata pale lami ipo, shimo linakungoja mbele ya kona. Nguvu inayopiga magurudumu yetu haitoki katika kona za mbio, inatoka katika shimo. Silambloki ikikataa kumeza pigo hilo, pigo halipotei. Linaenda kwenye rotile, kwenye boloni, kwenye mkono wenyewe, na kwenye chuma cha bodi kilichokwisha kula kutu miaka 20. Mpira ukikufa unabadilishwa. Mahali mkono unaposhikiliwa kwenye bodi pakipasuka, hiyo ni kazi ya kuchomelea, na mwenye kuchomelea vizuri hapatikani kila mtaa.

Kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawasemi. Poliuretani hainyongwi kama mpira, inazunguka juu ya bomba la ndani. Kwa hiyo inaomba grisi, na inaomba usafi. Vumbi na matope vikiingia, inalia kama mlango wa zamani, kisha inalika. Na mkono ambao kiwanda kiliuacha ucheze kidogo pande mbili, ukiufunga kwa kitu kinachokubali upande mmoja tu, utajilazimisha mpaka kitu kiachie. Mahali pamoja naikubali bila ubishi: zile mpira zinazoshika baa ya kuzuia motokari isilale kwenye kona. Pale baa inazunguka tu, na hasara ni ndogo.

Sasa mkono wa okazyo. Watu wanasema: «Hii ni orijino ya Japani.» Ndiyo, ni orijino. Lakini mpira unazeeka kwa miaka, hata kama motokari haikutembea. Joto na hewa vinaukausha, unaanza kupasuka pembeni. Mkono uliotolewa katika Altezza ya mwaka 2001 una mpira wa mwaka 2001. Unatoa mzee, unaweka mzee mwenzake, halafu unalipa kazi ya fundi. Chuma cha okazyo kinaweza kuwa kizuri kuliko kipya cha bandia, hilo ni kweli. Basi ununue chuma, lakini uweke ndani silambloki mpya.

Na ile ya kukatwa katika pine? Siwachekei wanaoitengeneza. Miaka ya vita na barabara zilizofungwa, mikono yao ndiyo iliyotufikisha nyumbani, Artikle 15 ilikuwa sheria ya kweli. Lakini tuseme ukweli: mpira huo haukugandishwa na chuma, una nyuzi ndani, na hakuna anayeweza kuukata uwe na kati sawasawa. Kwa lori inayotembea polepole unaweza kupeleka siku. Kwa motokari inayokimbia kilometa 100 kwa saa kwenye lami nzuri, na watoto nyuma, hapana. Mkono wa chini wa mbele ukicheza wakati wa freni, gurudumu linageuka lenyewe. Katika mteremko wenye kona, huo si ubishi wa garaji tena.

Wengine watanijibu: «Mpira mpya tuliweka, ukakufa katika miezi minne. Afazali ile ngumu.» Ninawaelewa. Lakini kabla ya kulaani pyesi, tuulize iliwekwa namna gani. Hapa ndipo feza nyingi zinapotea. Fundi anapandisha motokari juu ya kriki, magurudumu yananing’inia, anaweka mkono, anakaza boloni mpaka mwisho, kisha anashusha. Kumbuka nilivyosema: mpira hautelezi, unajinyonga. Ukikazwa wakati gurudumu linaning’inia, basi siku motokari inasimama chini, mpira umekwisha kunyongwa, hata kabla ya kutembea. Kila shimo linauongezea. Bila shaka utapasuka mapema.

Namna ya haki ni hii: boloni zinawekwa bila kukazwa kabisa, motokari inashushwa, inasimama kwa uzito wake juu ya magurudumu yake, inatikiswa kidogo ikae mahali pake, ndipo zinakazwa. Kazi hiyo inaomba shimo la garaji au mbao ngumu chini ya magurudumu, haiombi mashini ya bei kubwa. Silambloki zenye nafasi wazi ndani zina upande wao pia. Fundi aweke alama ya mahali ile ya zamani ilikuwa, kabla ya kuitoa. Na zisiingizwe kwa nyundo, zinaomba presi. Kama mtaa wenu hauna presi, chukua mkono mpya wenye silambloki ndani tayari, au peleka mkono mahali presi iko. Kwenda na mkono mmoja kwa pikipiki si kazi kubwa.

Kuhusu bandia, zipo, na nyingi. Karatoni yenye jina kubwa si ushuhuda. Angalia mpira wenyewe: umeshikana na chuma pande zote, au kuna nafasi ukisukuma kwa kidole? Bomba la ndani liko katikati? Chuma kina kutu hata kabla ya kuuzishwa? Na usiseme tu «ya Altezza». Soma plaki ya motokari: SXE10 ni ile ya silinda 4, GXE10 ni ile ya silinda 6. Mwuzaji akikuambia zote ni sawa bila kuangalia namba ya pyesi, jua anataka kumaliza stoku yake. OCC nayo, ambayo kazi yake ni kuchunguza bidhaa zinazoingia nchini, ingefaa iziangalie pyesi za freni na za magurudumu kwa macho makali zaidi, kwani hapo uongo unauza maisha ya watu.

Na bei? Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme mbaya ni dola 8 na nzuri ni dola 25, na kazi ya fundi ni dola 20. Mbaya ukiibadilisha mara mbili kwa mwaka, umetoa dola 56. Nzuri mara moja, dola 45, na mwaka unaofuata bado ipo. Sijahesabu pine mbili zilizolika ndani kwa sababu paralelismu ilikataa kukaa. Mwenye feza kidogo ndiye hasa hawezi kununua mara mbili. Kama huwezi kubadilisha zote kwa mara moja, anza na mikono ya chini ya mbele, kushoto na kulia pamoja, halafu upime paralelismu. Za nyuma zifuate ukipata.

Najua kijana anataka motokari yake iwe tofauti na ya wengine. Rangi nyekundu chini ya mkono inapendeza katika picha. Lakini wale walioitengeneza Altezza walitaka iende mbio na pia imrudishe mtu nyumbani mgongo ukiwa mzima, na mpira mweusi ule ulikuwa sehemu ya hesabu yao. Mara ijayo fundi atakapotoka chini ya motokari yako na kusema neno lile, usimwulize kwanza ni dola ngapi. Mwulize boloni atazikaza magurudumu yakiwa juu au chini. Akisema juu, pole, tafuta garaji ingine.