JIWE LA MWALIMU LAPIMWA NG'AMBO, SISI TWAPIGIWA HOTUBA

Kijana mwenzangu, unajua kuna jiwe duniani lenye jina la Mwalimu Nyerere? Linaitwa nyerereiti. Limo ndani ya lava ya Ol Doinyo Lengai, mlima wetu wa volkano kule Ngorongoro.

Lava hiyo si ya kawaida. Lava nyingi duniani hutoka na joto la nyuzi zaidi ya 1,000. Ya Lengai haifiki 600. Hutiririka nyeusi kama oili chafu, kisha ikipata unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Kwa lugha ya mtaani, ni magadi na chokaa iliyoyeyuka.

Zamani wapo wataalamu waliobisha kwamba magma ya namna hiyo haiwezekani. Ubishi haukumalizwa na tume wala semina. Mwaka 1960 Wyllie na Tuttle, huko Marekani, walifungia madini ya chokaa pamoja na maji ndani ya chombo chenye shinikizo kubwa, wakapasha moto. Yakayeyuka kwenye nyuzi 650 hivi. Mwaka huohuo Mwingereza Dawson akapanda Lengai, akaiona lava yenyewe. Maabara na mlima vikasema neno moja.

Utasema: mimi nauza mitumba Kariakoo, yanihusu nini? Sikiliza. Magma ni kama soda. Kizibo kikiwa kimebana, gesi imetulia. Kifungue ghafla, inaruka. Ndivyo wanavyofanya maabara: wanayeyusha jiwe kwenye tanuri, wanaligandamiza, kisha wanaachia shinikizo polepole au kwa mkupuo. Wanaona lini magma itatiririka kimya na lini italipuka. Jaribu kuyapima hayo ndani ya kreta, uone kama utarudi kusimulia!

Na Lengai hulipuka. Julai 2007 ardhi ilitetemeka hadi watu wa Nairobi wakakimbia maghorofa. Septemba mlima ukaanza kurusha majivu, wafugaji wakahama na mifugo yao. Waliochunguza majivu hayo walieleza kwamba magma nyingine, yenye joto kali zaidi, ilipanda kutoka chini ikakutana na ile ya magadi, gesi ya kaboni ikafumuka. Soda ikatikiswa!

Kinachouma ni hiki: mengi ya majaribio ya kuielewa magma hiyo yamefanyika Ulaya na Marekani. Siwalaumu Wazungu, wao wamefanya kazi. Nawalaumu vigogo wetu. Fedha za mashangingi zipo, za posho zipo. Za tanuri la maabara tunaambiwa tungoje wafadhili. Wengi wetu tuliopita sekondari za serikali tuliijua maabara kwa mchoro wa ubaoni. Kemia tuliikariri kama kasuku, halafu tunaulizwa mbona hatuna wanasayansi!

Basi mgombea akija mtaani na kofia na fulana zake, zipokee, ni kodi yako hiyo. Lakini usiishie kuuliza habari za lami. Muulize maabara iko wapi. Mlima ni wetu, jiwe lina jina la Mwalimu wetu, majivu yanaangukia ng'ombe wetu. Kwa nini majibu yatoke ng'ambo kila siku?

Akianza kukohoa, kura unayo.