Kabla Hujanunua Kioo Kipya, Washa Tochi

Leo nina hasira kidogo, kwa hivyo mnivumilie. Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu hivi kwa sababu ya kazi (mteja, tarehe ya mwisho, mnajua wenyewe), na nilikuwa nimepanga kurudi na makala kuhusu hifadhidata. Hiyo itangoja.

Juzi usiku mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nakuru akilia. Yuko mwaka wa mwisho chuoni, mradi wake wote uko kwenye laptopu, na alitakiwa kuuwasilisha Ijumaa. Asubuhi hiyo aliiwasha, taa ya chaji ikawaka, feni ikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi tii. Akaipeleka kwa duka moja mjini. Fundi akabonyeza kitufe cha kuwasha, akaitazama kwa muda wa kunywa chai nusu kikombe, akatoa hukumu: kioo kimekufa, lete elfu kumi na moja na mia tano. Dada yangu alikuwa tayari ameomba mkopo kwenye chama chake.

"Anko, nimwambie aanze kesho?"

"Ngoja kwanza. Simu yako ina tochi?"

Nilimwambia azime taa ya chumba, awashe laptopu, kisha aimulike skrini kwa tochi ya simu kutoka pembeni, karibu sana na kioo. Kimya. Halafu: "Anko, naona maandishi! Yamefifia lakini naona saa na tarehe!"

Basi hapo kesi ilikuwa imegeuka. Skrini ya laptopu nyingi haitoi mwanga wake yenyewe. Kioo chenyewe kinachora picha tu, na nyuma yake kuna taa inayoimulika picha hiyo ili uione. Ukiona picha kwa tochi, maana yake kompyuta inafanya kazi, kioo kinachora, na kilichokosekana ni mwanga. (Kama laptopu yako ni ya aina ya OLED kipimo hiki hakikuhusu, kwa sababu huko kila nukta inajiwakia yenyewe.)

Swali likawa, mwanga umekatikia wapi? Nikamwambia ainue na kushusha kifuniko polepole, kama mtu anayefungua mlango ambao bawaba zake zinapiga kelele. Kilipofika karibu nusu, skrini ikamweka mara moja, ikazima tena. Wasomaji wangu, hicho si kioo kilichokufa. Huo ni waya.

Kutoka kwenye madabodi hadi kwenye kioo kuna kebo nyembamba inayopita ndani ya bawaba. Hubeba picha, na kwenye mashine nyingi hubeba pia umeme wa taa ya nyuma. Kila ukifungua na kufunga laptopu unaikunja. Mara kumi kwa siku, miaka minne, na hizi mashine tunazonunua zikiwa zimeshatumika Uingereza au Dubai zinafika hapa zikiwa tayari zimekunjwa maelfu ya mara. Nyuzi zake hukatika mmoja mmoja. Mara mistari, mara rangi ya waridi kila mahali, mara giza ukifungua zaidi ya kiasi fulani. Na hapa ndipo hasira yangu inatoka. Fundi akibadilisha kioo bila kugusa kebo, ile kazi ya kufungua na kufunga tu inaweza kuufanya waya ushike tena kwa muda. Unaondoka ukishukuru. Baada ya wiki mbili giza linarudi, na unaambiwa kioo kipya kimeharibika na hakina waranti.

Usiku huohuo, kwa kuwa data ilikuwa muhimu kuliko laptopu, nilimtuma kwa jirani mwenye televisheni. Watu husahau kwamba televisheni yenye tundu la HDMI ni monita kama monita nyingine. Alichomeka waya, akachagua kwa rimoti tundu sahihi (nusu ya wanaoniambia "monita haionyeshi kitu" wamechagua tundu lisilo sahihi, na mimi nimo), akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, mshale wa chini, Enter. Tulirudia mara tatu kwa sababu alikuwa akifanya gizani. Kisha mradi wake ukatokea kwenye inchi 32, kingo zikiwa zimekatwa kidogo kama televisheni zinavyofanya, lakini wote upo. Akaunakili kwenye flashi, ndipo akalala.

Kipimo cha monita ya nje kinasema mengi kwa dakika mbili. Nje picha safi na ndani giza: madabodi inatoa picha, tafuta kwenye kioo, taa, kebo, au kile kihisi cha sumaku kinachojua kifuniko kimefungwa. Ndani na nje kuna uchafu uleule: angalia draiva, RAM au chipu ya picha, na uweke kioo kipya ukitaka, hakitakusaidia. Uchafu ukionekana mpaka kwenye ukurasa wa BIOS, kabla Windows au Linux haijapanda, acha kulaumu draiva. Kwenye laptopu nyingi za Dell unaweza hata kushikilia herufi D huku ukiwasha, na skrini itajijaribu yenyewe kwa kupita rangi moja baada ya nyingine.

Monita ya nje nayo ina visa vyake. Adapta ya kutoka HDMI kwenda VGA lazima iwe na chipu ndani ya kubadilisha ishara; ule waya mtupu unaouzwa kwa bei rahisi hauna, na hautafanya kazi hata uombewe. Tundu la USB-C si lazima litoe picha, mengine ni ya chaji na data tu. Na mimi nisijifanye mjuzi: mwaka mmoja nilikesha Jumamosi nzima nikihariri xorg.conf kwenye Linux, nikilaani watu wasio na hatia, kumbe waya wa VGA ulikuwa haujasukumwa hadi mwisho.

Sisemi mafundi ni wezi. Wengi wanafanya kazi kwenye meza ya futi mbili, na wateja ishirini wanaowaharakisha, na kubadilisha kioo ndiyo kubahatisha kulikorahisi zaidi. Lakini gharama ya kubahatisha analipa mteja. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi bidhaa na huduma. Kwangu mimi, kwenye meza ya fundi hiyo ina maana rahisi: nichomekee monita ya nje mbele yangu, nimulikie tochi, nionyeshe kasoro iko wapi, ndipo utaje bei. Ukibadilisha kioo, nirudishie kile cha zamani, ni changu. Fundi anayekasirika kwa ombi hilo amekuokolea pesa.

Mimi huomba pia kitu kimoja zaidi: betri itenganishwe kabla ya kuchomoa kebo ya skrini. Kuichomoa ikiwa na umeme kunaweza kuunguza fyuzi ndogo ya taa, na sasa una matatizo mawili. Na kama laptopu yako ni ya zamani, za kabla ya mwaka 2010 hivi zenye taa ya mrija, usipapase kule ndani hata kidogo. Kidude kinachowasha taa ile hutoa volti mamia.

Mpwa wangu aliichukua mashine, akaipeleka kwa fundi mwingine karibu na chuo na kumweleza kila tulichokiona. Kebo ilipatikana siku ya tatu, elfu moja mia nane pamoja na kazi. Fundi alimwonyesha ile ya zamani, imechubuka pale pale kwenye bawaba. Dada yangu ameondoa ombi lake kwenye chama, ingawa anasema mweka hazina bado anamtazama vibaya. Mradi uliwasilishwa Ijumaa saa nane mchana, ukimaliziwa kwenye televisheni ya jirani, katikati ya vipindi vya watoto wake.