Peponi Ifike Ihanja

Oktoba 7, 2021, Akademi ya Sweden ilipotangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, Watanzania wengi waliuliza: ni nani huyu? Swali hilo halikuwa la aibu kwa mkulima wa alizeti wa Ihanja, wilayani Ikungi. Aibu ilikuwa ya wale waliopewa dhamana ya vitabu.

Maana Gurnah hakuwa mwandishi mchanga. Alikwisha kutoa riwaya kumi, na mojawapo, Paradise, iliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 1994. Yasimulia habari za Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kwa tajiri kufidia deni, akachukuliwa katika msafara wa biashara kutoka pwani kwenda bara. Njia kuu ya misafara ya namna hiyo, ile ya Bagamoyo hadi Tabora, ilikatiza nchi ambayo leo ni Wilaya ya Manyoni, katika mkoa huo huo wa Singida. Wazee wa Ihanja hawahitaji tanbihi ili kuelewa mpagazi ni nani. Walichohitaji ni kitabu kwa lugha yao, nacho kilikuwa cha Kiingereza.

Mwaka huo huo wa 1994 Nobel ilikwenda kwa Kenzaburo Oe wa Japani, kama ilivyokwenda kwa Yasunari Kawabata mwaka 1968. Hao waliandika Kijapani. Wananchi wao waliwasoma kwanza, dunia ikafuata kwa tafsiri. Hapa mambo yalikwenda kinyume.

Baadhi ya wasomi walipoteza wino wakibishana kama Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, ni Mtanzania au Mwingereza. Kazi ya maana ilifanywa na Dk. Ida Hadjivayanis, aliyeitafsiri Paradise kwa jina la Peponi, ikachapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022.

Baada ya 1970, Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Taifa lilianzisha maktaba za vijiji ili aliyejua kusoma asisahau. Utaratibu huo wastahili kufufuliwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere, iliyoanza kutolewa 2023, inawapa heshima waandishi wa Kiswahili. Lakini heshima ya jukwaani Dar es Salaam haisomeki Ihanja. Hapana budi vitabu vya washindi hao, pamoja na Peponi, vinunuliwe kwa fedha za umma na kupelekwa katika shule za kata, kabla Stockholm haijatangaza jina jingine.