Mtego ukae katikati ya vita, siyo mlangoni

Wadau wangu, leo siasa zipumzike kidogo. Nataka tuongee kuhusu mitego. Siyo ile mitego ya nyaya inayowatoa jasho askari wa hifadhi, ni mitego ya kwenye mchezo, tena mchezo wa mezani. Na msimamo wangu nauweka wazi mapema ili asiyekubaliana nami ajipange: mtego unaomuua mtu kabla vita havijaanza ni uvivu wa mwendesha mchezo. Mahali pa mtego ni katikati ya mapambano, watu wakiwa wameshashikana mashati.

Kwa wale wanaojiuliza nazungumzia nini, ni hii michezo ya kuigiza ya jamii ya Dungeons & Dragons. Ilitoka Marekani mwaka 1974, waliyoibuni ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mnakaa mezani watu wanne, watano, sita. Mmoja anaendesha, yaani anasimulia dunia ilivyo na kuwasemea maadui wote. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, askari, mchawi, mwizi, mganga, na habari zake zote ziko kwenye karatasi. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu ya pande 20, dadu inaamua. Hakuna skrini, hakuna bando la kuisha katikati. Hapa Makumira tunacheza Jumamosi jioni, dadu tunazo seti mbili tu, tunapokezana kama chumvi ya mezani. Majirani wanadhani tunapiga ramli. Wacha wadhani.

Sasa kilichonifanya nikae niandike. Kundi letu lilikuwa na watu saba, leo tuko wanne. Kuna dada mmoja alikuwa anatoka Tengeru kila Jumamosi kwa hiace, na mhusika wake alimlea kwa miezi minane. Alimpa jina, ukoo, madeni, hata ugomvi na shemeji yake. Siku hiyo tukafika kwenye daraja la mawe. Mwendeshaji akarusha dadu nyuma ya kitabu, akatangaza: jiwe limetitia, umeanguka kwenye mikuki, umekufa. Basi. Hakuna aliyeulizwa kitu, hakuna aliyechagua kitu. Maadui walikuwa ng'ambo ya daraja na vita vikaanza dakika tano baadaye, yeye kashika kikombe cha chai anatuangalia kwa saa mbili. Jumamosi iliyofuata hakuja. Iliyofuata tena, wengine wawili hawakuja.

Mwenzetu aliyeendesha siku ile anajitetea kwamba ndivyo mchezo ulivyo tangu enzi za waasisi. Na kweli anayo pa kusimamia. Gygax mwenyewe alitunga Tomb of Horrors, ikachezwa kwenye mashindano mwaka 1975 na kuchapishwa kitabu mwaka 1978. Humo kuna sura ya shetani wa kijani ukutani, mdomo wazi, ndani giza. Anayeingia mdomoni amekwisha, wala haitafutwi dadu ya kumwokoa. Lakini jamani, yale yalikuwa mashindano! Watu walipewa wahusika walioandaliwa, wakapewa saa chache, na kilichopimwa ni kundi gani limefika mbali zaidi. Mhusika wa kupewa mchana akifa jioni haumi. Ukichukua chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo ukakiweka kwenye hadithi ya miezi minane, usishangae viti vikibaki vitupu.

Mwingine akaniletea historia. Akasema, mbona Mkwawa hakutangaza mtego wake? Swali zuri, na nimelipenda. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo, karibu na Iringa, Wahehe walijificha vichakani na kwenye mawe wakaungojea msafara wa Emil von Zelewski uliokuwa unatembea kwa mstari mrefu. Walipotoka, askari wengi hawakuwahi hata kuziandaa bunduki zao. Muda mfupi tu Zelewski alikuwa amekufa na sehemu kubwa ya kikosi chake imelala chini. Kivita ni kazi ya hali ya juu, na Mjerumani ilimchukua hadi Oktoba 1894 kuja kuivunja ngome ya Kalenga.

Ila tofauti iko hapa. Vitani unaweka mtego ili adui asipate nafasi ya kuchagua. Huo ndio uzuri wake, vita vinaisha kabla mwenzako hajajua vimeanza. Mezani tumekuja kufanya nini? Tumekuja kuchagua! Ukiniondolea kuchagua umeniondolea mchezo wenyewe, nimebaki msikilizaji wa redio. Kwa hiyo Lugalo ni hadithi tamu ya kusimuliwa, lakini ukiigeuza ilivyo kuwa Jumamosi jioni ya watu walio upande wa Zelewski, utakuwa na Jumamosi mbovu.

Mimi nasema mwalimu tunaye, tumempita tu barabarani. Ni bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, kila mtu 32 zake. Unaanza na kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, na 22 zimebaki mkononi. Kwanza mnanamua, kila zamu unaingiza kete moja. Zikiisha mkononi, mnaingia mtaji. Hakuna karata iliyofunikwa wala kitu kilichofichwa nyuma ya kitabu. Kila kete iko juu ya ubao, wewe unaiona, mpinzani anaiona, hata yule mtazamaji mbishi ambaye hakualikwa anaiona. Na bado bao limejaa mitego kuliko pango lolote la Gygax. Inawezekanaje?

Sababu ya kwanza ni kwamba kula ni lazima. Ukiwa na pa kula, huwezi kujifanya hujaona ukacheza kwingine. Mchezaji mzuri anajua hilo, basi anakuachia chambo. Anakuwekea shimo lenye kete nono, wewe unalazimika kula, na kula huko kunazisambaza kete zako kule anakotaka yeye. Umekula, umeshiba, na zamu inayofuata mstari wako wa mbele unafagiliwa.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi, na wengi wa rika letu waliojifunza bao juu juu hawaijui. Inaitwa kutakatia, wengine husema kutakasia. Mkiwa kwenye mtaji, nikitakata, yaani nikicheza bila kula, kisha wewe ukawa huna pa kula na mimi nikawa natishia kula shimo lako moja tu, basi shimo hilo limetakatiwa. Huruhusiwi kuanzia hapo kucheza. Kete zimefungwa, unazitazama. Hata kete yako ya mwisho ikiangukia humo, zamu yako imeishia hapo. Huo ni mtego uliotegwa vita vikiendelea, kwa kete zilezile za vita, mbele ya macho ya aliyetegewa.

Halafu angalia busara ya waliotunga. Shimo likiwa ndilo pekee lenye kete kwenye mstari wako wa mbele, halitakatiwi. Likiwa ndilo pekee lenye zaidi ya kete moja, halitakatiwi. Nyumba ambayo bado ni yako, vilevile. Yaani mchezo unakubali ubanwe, unakataa ukabwe hadi ukose pumzi.

Nilimuuliza mzee mmoja anayecheza pale Usa River, "Shikamoo mzee. Hivi mtu mzima anaingiaje kwenye mtego anaouona?" Hakuinua macho. "Marahaba mwanangu. Huo hapo, ameuona tangu mchana," akamwonyesha mwenzake kwa kidevu. "Muulize ana pa kwenda." Yule mwenzake akasonya, akacheza, akaliwa. Hakuna aliyesusa. Wakapanga kete upya.

Ndiyo maana nasema, mwendesha mchezo asiulize "nitaufichaje mtego?" Aulize "nitaufanyaje uonekane na bado uwasumbue?" Shimo la mikuki lililofichwa chini ya jiwe linakupa sekunde tatu za mshtuko. Shimo hilohilo likiwa wazi katikati ya uwanja, na zimwi la kilo mia tatu linakusukuma kuelekea huko, linakupa nusu saa ya akili. Unazunguka? Unamvuta mwenzako? Unajifanya dhaifu ili zimwi likurukie wewe ukwepe liingie lenyewe? Hapo hata yule kimya wa kundi anaanza kupiga meza.

Kwa wapenda vitabu, hata wenye mchezo wao wameshaelekea huko. Toleo la nne la mwaka 2008 liliuweka mtego kwenye pambano kama mshiriki, na mingi ikapewa zamu yake kwenye mpangilio sawa na adui. Kitabu cha Xanathar's Guide to Everything cha mwaka 2017 nacho kikaeleza mitego tata inayotenda zamu kwa zamu. Na Januari 2023 kanuni za msingi zikawekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons, unaweza kuzitafsiri kwa Kiswahili bila kumwomba mtu, mradi utaje zilikotoka. Kazi ndiyo hiyo kwa wanafunzi wa lugha mnaolalamika hamna mada.

Lakini mfano ninaoutumia mimi haumo kwenye kitabu chao, uko Tanga. Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, Lettow-Vorbeck akiwa na kama 1,000. Mapigano yakiwa yamepamba moto, risasi zikaichokoza mizinga ya nyuki. Nyuki wakatoka. Hawakuuliza nani Mjerumani, nani Mwingereza, waliuma waliowakuta, pande zote mbili. Waingereza walipigwa vibaya wakarudi melini, na baadaye ukazuka uvumi kwamba Wajerumani waliwatega nyuki kwa makusudi. Si kweli, na nyuki peke yao hawakulishinda jeshi lile, uongozi mbovu ulifanya kazi kubwa zaidi. Ila kama mtengeneza michezo, hebu fikiria zawadi hiyo! Hatari iko juu ya mti, kila mtu anaiona, yeyote anaweza kuichokoza, na hakuna mwenye hakika itamgeukia nani.

Basi chukua hayo uyashushe hapa kwetu. Vita viko kwenye shamba la kahawa na migomba mteremkoni mwa Meru. Mfereji wa maji unapita juu ya shamba, umezibwa kwa magogo na udongo. Mizinga ya magogo inaning'inia kwenye mti mkubwa. Mwendeshaji anavitaja vyote kabla dadu haijarushwa. Mtu akitumia zamu yake kuzibua mfereji, kuanzia mzunguko unaofuata njia yote ya chini ni utelezi, kila anayekimbia anarusha dadu asianguke, zimwi pamoja na wewe. Mshale ukiukosa mwili na kuingia mtini, mzinga unaweza kudondoka. Na kutakatia nimekuingiza hivi: ukimbana adui mmoja na wewe hukumpiga zamu hiyo, zamu yake inayofuata haruhusiwi kuondoka aliposimama, ila anaruhusiwa kupigana. Akiwa ndiye wa mwisho wa upande wake, hatakatiwi. Wengi walioelezwa kanuni hii waliielewa kwa dakika mbili, maana waliokulia karibu na bao tayari wanaijua mkononi.

Ukitaka sehemu za ndani, usihangaike na makaburi ya kizungu. Panda gari hadi Marangu ukaone mapango waliyochimba Wachagga kujificha na uvamizi. Waongozaji husimulia kwamba njia ya kuingilia ilikuwa nyembamba, mgeni lazima ainame, na ndani kuna mtu anamsubiri na rungu. Mweke mchezaji wako hapo mlangoni, ajue kabisa kwamba rungu lipo, na nyuma yake moto unakuja. Hutahitaji kuficha lolote.

Najua nitaambiwa kwamba mtego ukionekana hofu inakufa. Mimi naona kinyume. Cha kufichwa kinakutisha kikishakupata tu, na baada ya hapo wachezaji wanageuka mafundi wa kugongagonga kila jiwe kwa fimbo, saa nzima inaishia kwenye korido moja. Tumeyaona. Cha kuonekana kinakutisha kila zamu. Kama lazima ufiche kitu, ficha kiasi: waambie shimo lipo, usiwaambie kina chake.

Malalamiko ya pili yana uzito zaidi, kwamba vita vinakuwa virefu. Hilo silikatai. Kila kitu chenye zamu yake kinakula muda, na sisi wengine tunategemea usafiri wa umma. Dawa yake ni kujizuia. Kitu kimoja au viwili kwa vita vimoja vinatosha. Na nyuki usiwape karatasi yao wala hesabu ya uhai wao, wape sheria moja tu: kila mwisho wa mzunguko wanamshambulia aliye karibu zaidi na mzinga uliodondoka, awe nani, na wanatulia baada ya mizunguko mitatu. Ukianza kuwahesabu mmoja mmoja, hiace ya mwisho ya kwenda Tengeru itapita ukiwa bado unajumlisha.