FUNDI WA KIJIJI: Gia za nyuma zikikataa

Ndugu msomaji, huenda unayo baiskeli ya gia, ile ya mtumba yenye matairi mapana. Kibaha na Kisarawe baiskeli hizi zinajulikana. Zilianza Marekani, katika milima ya California, miaka ya 1970. Watu walizitumia kwa mchezo wa kushuka milima. Hawakufikiria gunia la mkaa wala tenga la mananasi. Ndiyo maana huku kwetu gia zake huchoka mapema.

Gia ikikataa, usikimbilie kununua nyingine. Wala usikubali upesi ukiambiwa ukate gia zote na kufupisha mnyororo. Kwa mtu wa bonde la Ruvu, hiyo si hasara kubwa. Lakini wewe unayepanda vilima vya Pugu na mzigo, utashuka na kusukuma kila siku.

Tazama nyuma ya baiskeli. Utaona sahani zenye meno, kuanzia ndogo hadi kubwa. Chini yake kuna chuma kinachoning'inia, chenye vigurudumu viwili vidogo. Tukiite mkono wa gia. Waya unauvuta mkono, na mkono unausogeza mnyororo.

Je, mnyororo unachelewa kuhama? Anza na waya. Mara nyingi ubaya uko hapo. Waya hupita ndani ya ganda. Kile kipande cha mwisho, kilichopinda karibu na gurudumu, hukusanya maji na mchanga wakati wa masika. Weka mnyororo kwenye sahani ndogo ili waya ulegee. Chomoa ganda, futa waya, tia tone la mafuta ya cherehani. Waya ukiwa na kutu au nyuzi zimekatika, nunua mwingine. Bei yake ni ndogo kuliko ya mkono wa gia.

Kama waya ni mzima, tafuta nati ndogo ya kuzungusha kwa vidole, pale waya unapoingia kwenye mkono. Mnyororo ukikataa kupanda sahani kubwa, izungushe nati kama unayefungua, nusu mzunguko tu. Jaribu tena. Ukikataa kushuka sahani ndogo, izungushe kama unayefunga.

Sasa jambo la hatari. Kwenye mkono kuna skrubu mbili, zenye herufi H na L. Wewe uliyejifunza kusoma, herufi hizi ni zako. L huzuia mnyororo usiingie kwenye spoki. H huzuia usianguke upande wa fremu. Mnyororo ukiingia kwenye spoki, gurudumu hukwama ghafla. Fikiria uko kwenye mteremko na mtoto amekaa nyuma. Ukiona mnyororo unapita sahani kubwa, kaza L robo mzunguko, kisha jaribu huku gurudumu liko hewani.

Tena, chuchumaa nyuma ya baiskeli. Vigurudumu vile viwili vinapaswa kusimama wima, sambamba na sahani. Vikiwa vimeinama kuelekea spoki, sikio linaloshika mkono limepinda. Hapo usiguse L kwanza. Sikio la chuma fundi huweza kulinyoosha polepole. La alumini hukatika kwa urahisi. Ubaya huu huja baiskeli inapoanguka upande wa kulia. Kwa hiyo ukitaka kuilaza, ilaze upande wa kushoto.

Je, mnyororo unaruka ukikanyaga kwa nguvu? Huo si ugonjwa wa waya. Chukua rula ya shule yenye inchi 12. Pima kutoka katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24 hadi pini nyingine. Mnyororo mpya ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya nane ya inchi, umekwisha, na pengine umekula meno ya sahani pia. Ukiweka mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika, utaendelea kuruka.

Osha mnyororo kwa mafuta ya taa na kitambaa. Oili chafu ya gari usitie, maana hushika mchanga, na mchanga hukata chuma kama tupa.

Ukimaliza, panda baiskeli bila mzigo, mahali tambarare. Pitisha mnyororo kwenye sahani zote, kwenda na kurudi. Mwezi ujao tutatazama breki.